Pombe ya Kwenye Kola

Shati la mlevi lina ramani yake, na Mama Kidoti alikuwa akiisoma ramani hiyo kila siku ya kazi. Mwaka wa tisa huu alikuwa dobi wa nyumba ya wageni, na wageni wa nyumba ile walikunywa. Shati la mlevi hunuka kwapani na mgongoni, kwa sababu pombe ikishaingia mwilini hutoka na jasho. Kifuani lina doa la kilichomwagika kikakauka. Mkono mmoja una uchafu wa meza, ule wa kulalia. Kola ndiyo hunuka kidogo kuliko pengine pote.

Jumamosi ile asubuhi alilishika shati la mumewe, akalinusa kama anavyonusa ya watu, akabaki amesimama nalo. Kola ilinuka pombe kali upande wa kulia na upande wa kushoto, sawasawa, kama mtu aliyejipaka marashi. Kwapa zilinuka jasho. Mgongo ulinuka simenti. Doa hakuna.

Akalinusa tena. Kisha akalitumbukiza kwenye beseni, kwa sababu maji yalikuwa yanapoa.

Mumewe alikuwa mwashi. Watu walimwita Timazi, kwa jina la ule uzi wenye chuma chenye ncha ambao mafundi huushusha kujua kama ukuta umesimama au umeinama. Ukuta wa Timazi hauhitaji timazi, walisema, na yeye alikuwa akicheka kwa adabu kila aliposikia utani huo, kana kwamba ni mara ya kwanza. Hakuwa mtu wa pombe. Harusini alikunywa soda moja akaimaliza polepole. Na sasa, ndani ya miezi miwili, mafundi wenzake walikuwa wamemleta nyumbani mara tatu, mikono mabegani mwa watu, miguu ikisuka, harufu ikitangulia mlangoni.

Habari ya namna hiyo haipigiwi mbiu. Muuza mkaa alisema hao wakimya ndivyo walivyo, siku wakianza hufidia miaka yote. Kidoti, binti yao wa miaka kumi na mmoja, alisema jambo moja tu: baba asije shuleni siku ya wazazi. Mama mkwe, aliyekaa chumba cha uani, alimnyima mwanawe salamu kwa wiki nzima, kisha akaanza kumsalimu kwa sauti ya msibani.

Mama Kidoti alikuwa ameitafuta hasira akaikosa, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni akakuta mfuko wenyewe umetoboka. Alifua, alipika, alipeleka mtoto shule. Kitandani walilala kama mizigo miwili ya watu tofauti iliyopangwa gari moja.

Lakini kola ilimsumbua. Alianika shati, akafuta mikono, akaingia ndani.

Timazi alikuwa mezani na chai na kipande cha mkate.

"Jana umekunywa nini?" akamuuliza.

Hakujibu. Hakugeuka hata. Mama Kidoti alikuwa amesimama kushoto kwake. Akazunguka meza, akasimama kulia.

"Baba Kidoti. Jana umekunywa nini?"

"Nimekunywa tu," alisema Timazi.

"Nini?"

"Pombe."

"Pombe gani?"

Timazi aliutazama mkate. "Ya kawaida."

"Ladha yake ikoje?"

"Chungu."

"Hilo hata Kidoti analijua, na hajaionja." Akavuta kiti. "Nimefua mashati ya walevi mengi kuliko siku ulizoenda kazini. Pombe yako wewe unainywea kolani?"

Timazi alifungua mdomo. Kisha akakiweka kikombe chini taratibu sana, kama mtu anayeweka yai, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Inakuja," alisema.

Alishuka kwenye kiti kwa magoti, akalala sakafuni, viganja vyote viwili vimebanwa kwenye simenti, vidole vimetanuka. Mama Kidoti aliinama kumtazama usoni. Macho ya mumewe yalikuwa yakiruka kwenda pembeni, yanarudi, yanaruka tena, kama ya mtu aliye dirishani mwa treni anayehesabu nguzo. Kisha akatapika chai na mkate. Hapakuwa na kingine cha kutapika, na hapakuwa na harufu nyingine.

Mama Kidoti alitazama saa ya ukutani. Saa tatu na robo. Alileta beseni na kitambaa, akakaa chini karibu naye, kwa sababu hakujua la kufanya, na mtu asiyejua la kufanya ni heri akae.

Jirani alichungulia mlangoni. "Makubwa. Hata jua halijashika, ameshashika?"

"Mlango huo, jirani, urudishie unapotoka."

Saa tano kasorobo vidole vya Timazi viliiachia sakafu.

"Hainizunguki kichwani," alisema akiwa bado amelala, sauti imepauka. "Watu husema kichwa kinazunguka. Ni nyumba. Kwanza sikio hili la kushoto linajaa, kama nimezama mtoni. Halafu linavuma, kama mashine ya zege iliyosahauliwa bila kuzimwa. Halafu nyumba inaondoka."

"Tangu lini?"

"Kabla ya mvua."

"Na pombe?"

"Ya Mjomba. Ananipa kichupa, najipaka shingoni."

Mjomba alikuwa mpiga lipu pale kazini. Hakuwa mjomba wa mtu yeyote. Walimwita hivyo kwa sababu alipolewa aliwagawia watu wote urithi asiokuwa nao.

"Naye hakuulizi unaipeleka wapi?"

"Mlevi hamuulizi mlevi mwenzake sababu."

Mama Kidoti alimfuta mdomo. "Mimi nauliza."

Timazi alijivuta, akaegemea mguu wa meza. "Msimamizi wetu ana sheria mbili. Fundi akilewa, akae kivulini mpaka alevuke, akatwe nusu siku. Fundi akisema ana kizunguzungu, avue kofia, arudi kwao moja kwa moja. Yule mchoma vyuma wa mwaka juzi alisema asubuhi, na chai ya saa nne hakuinywa pale. Sikio likianza kujaa najua nina robo saa. Nashuka, najipaka, nakaa kivulini. Kesho yake wananicheka, napanda tena." Akafumba macho. "Mlevi anasubiriwa, Mama Kidoti. Mgonjwa hasubiriwi."

Mama Kidoti alihitaji muda kulielewa jambo hilo. Halikuwa gumu. Kilichomchelewesha ni kwamba lilikuwa na akili.

"Na siku likikataa kukupa hiyo robo saa?"

Timazi hakujibu, na safari hii alikuwa amesikia.

*

Daktari wa masikio katika hospitali kubwa alikuwa mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alisoma faili kabla ya kuwatazama. Ndani yake kulikuwa na karatasi ya zahanati, ya ile mara ya pili Timazi alipobebwa. Tabibu wa zahanati alinusa, akauliza, Mjomba akiwa amesimama palepale, na Timazi akajibu ndiyo.

"Hapa imeandikwa pombe," alisema daktari.

"Hanywi," alisema Mama Kidoti.

"Mama, wake wengi husema hivyo."

"Wake wengi si madobi. Shati lake linanuka kolani tu. Mwili wake haujawahi kutoa pombe. Kama unabisha, nikuletee mashati ya wageni wangu kumi uyapange na lake, unipime mimi kwanza."

Daktari aliivua miwani. Huenda alitaka kukasirika, huenda alitaka kucheka, lakini foleni nje ilikuwa ndefu, akaacha yote mawili. Alimgeukia Timazi. "Wewe mwenyewe unasemaje, baba? Unakunywa?"

Timazi alimtazama mkewe, kisha sakafu. "Sinywi," alisema, kwa aibu ileile ambayo wengine huwa nayo wakikiri kwamba wanakunywa.

Walimwingiza katika chumba kidogo chenye kuta nene na kioo, wakamvisha vifaa masikioni, wakampa kitufe: ukisikia mlio, bonyeza. Mama Kidoti alikaa nje ya kioo pamoja na mpimaji. Sikio la kulia, kidole gumba cha Timazi kilibonyeza, kikabonyeza, kama cha mtoto kwenye mchezo. Likaja la kushoto. Mpimaji alizungusha kitasa, akazungusha tena. Kidole kilikaa juu ya kitufe bila kusogea. Uso wa Timazi ulikuwa wa mtu anayesubiri kuitwa jina, wakati wenzake wote wameshaitwa wakaondoka.

"Sauti nene ndizo zinazompotea zaidi," alisema mpimaji akichora nukta zake. "Zile nyembamba bado anazo."

"Ndiyo maana siku nyingine mimi ananisikia upande huo, na msimamizi wake hamsikii."

"Inawezekana, mama."

Walirudi kwa daktari na mchoro, kisha wakarudi tena wiki iliyofuata kwa vipimo vingine, na ndipo akawaambia. Ndani kabisa ya sikio, pale ambapo kijiti cha pamba hakifiki, mna vijiriba na mirija yenye maji. Sehemu moja ni ya kusikia, nyingine ni ya kuuambia mwili umekaaje. Kwa ugonjwa huu maji hayo huzidi. Yakizidi, sikio hujaa na kuvuma, na mwili hupewa taarifa kwamba unazunguka wakati macho yanasema umetulia. Huja na kuondoka. Huweza kukaa kimya miezi, ukarudi. Kusikia nako huja na kuondoka, mpaka siku moja kunaondoka na hakurudi. Aliliandika jina lake kwenye karatasi, ugonjwa wa Menieri, jina la daktari wa zamani.

"Unapona?" aliuliza Mama Kidoti.

"Hutulizwa. Nitampa vidonge. Apumzike. Chumvi kidogo kabisa. Na pombe asiguse."

Timazi alicheka, mara moja, kwa pua.

"Na asipande juu," alisema daktari. "Ngazi, jukwaa, paa, hapana."

Kicheko kilikuwa kimeshakwisha.

*

"Maji yameingiaje sikioni?" aliuliza Timazi nyumbani jioni ile. "Sijaogelea tangu utoto."

Mama Kidoti alikwenda kwenye mfuko wa kazi wa mumewe, akatoa ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani ambao mafundi hupimia usawa. Aliujaza maji bombani, akampa ncha moja, akashika ya pili, akarudi nyuma mpaka mlangoni.

"Ukipima unaangalia nini?"

"Maji. Yakisimama hapa na hapo, ndiyo usawa."

"Na kipovu kikikaa ndani, au mtu akiukanyaga katikati?"

"Unadanganya. Ukuta unakwenda kombo na mwenyewe unaapa uko sawa."

"Basi una mipira miwili kichwani, kila sikio wake. Wa kulia mzima. Wa kushoto unadanganya. Umelala sakafuni, wenyewe unakwambia unaanguka."

Timazi aliyatazama maji yakitulia mkononi mwake. Hili alilielewa. Alilielewa mpaka mwisho, na ilionekana usoni pale alipofika mwisho.

"Mpira ukiharibika sisi tunautupa," alisema.

"Huu hautupwi. Leta hiyo ncha, unamwaga maji."

Chakula cha usiku alikipika bila chumvi. Hakuwa na nafasi ya kupika vyungu viwili, kwa hiyo wote walikula hichohicho. Mama mkwe alionja, akaweka kijiko chini.

"Hiki kimepikwa kwa kosa gani?" aliuliza. "Nimekula chumvi nyingi duniani humu, Mama Kidoti, sijawahi kunyimwa ya kwenye sahani."

"Tulia, mama, tukueleze," alisema Timazi.

Wakamweleza. Mama Kidoti alieleza maji, Timazi akaeleza kola. Bibi kizee alisikiliza akiwa amekunja mikono mapajani, na Kidoti alisikiliza akijifanya anakula.

"Kwa hiyo si pombe," alisema mama mkwe.

"Si pombe."

"Na haliponi hilo sikio."

"Linatulizwa."

Bibi kizee aliisogeza sahani. "Ingekuwa heri pombe," alisema mwishowe. "Pombe mtu huacha." Kisha akakishika kijiko, akala kile chakula chote bila kukunja uso, punje kwa punje. "Mtaani msiseme. Waacheni waendelee kusema wanalosema."

Mama Kidoti hakukubaliana naye, lakini hakubishana. Alimwambia mumewe jambo moja, akiwa amesimama upande wa kulia ili lisiwe na kisingizio: Jumatatu amwambie msimamizi. Aombe kazi ya chini. Kupanga tofali, kukoroga, kulinda stoo, chochote.

"Nitamwambia," alisema Timazi.

Jumatatu alirudi akasema alimkuta na shughuli. Jumanne msimamizi alikuwa na wageni. Jumatano Mama Kidoti hakuuliza. Alilinusa shati, kola ilijibu.

*

Alhamisi alitoka kazini mapema, umeme ulikuwa umekatika na pasi hazikupata moto. Alipitia nyumbani, akachukua chakula cha Timazi kwenye kibakuli, kwa sababu chakula cha mama ntilie wa pale kazini kilikuwa na chumvi ya kuhifadhia ngozi.

Jengo lilikuwa limefika ghorofa ya tatu. Mbele yake jukwaa la mbao na nguzo, ngazi zimefungwa kwa kamba, vumbi la simenti kila mahali. Mafundi sita walikuwa wamesimama chini wametazama juu, na walikuwa wanacheka.

"Leo kaanza mapema," mmoja alikuwa akisema. "Hata kivulini hakufika, kajitandikia hukohuko."

"Mwacheni mwanaume alale. Huko juu hakuna mbu."

Mama Kidoti alitazama walikotazama. Kwenye ubao wa juu kabisa mtu alikuwa amelala kifudifudi, ameikumbatia nguzo kwa mikono na miguu. Mwiko ulikuwa umeanguka chini, umechoma mchanga, umesimama wima.

Hakupiga kelele. Aliweka kibakuli juu ya tofali, akakifunika vizuri. "Ana muda gani pale?"

Walimgeukia, wakamtambua, vicheko vikapungua kwa heshima. "Kama nusu saa, shemeji. Usijali, atalevuka tu. Tumezoea."

Msimamizi alikuja kutoka stoo, mtu mpana mwenye kalamu sikioni. "Shemeji, karibu. Mzee wako leo kanitia aibu, ila tunamsubiri. Mtu amelewa usimguse juu, atawavuta wote."

Hapo Mama Kidoti alikiona kitu chote, kilivyo. Wangejua ni mgonjwa, wangekuwa wameshapanda. Walimwacha kwa sababu alikuwa amewafundisha kumwacha.

"Hajalewa," alisema. "Ni mgonjwa. Sikio lake la ndani limeharibika, linamwangusha. Karatasi ya hospitali iko nyumbani."

Msimamizi aliitoa kalamu sikioni. "Shemeji, kila mke..."

"Huyo hajalewa."

Aliyesema ni Mjomba. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, peke yake, na hakuwa anacheka.

"Wewe unajuaje?" alimuuliza mmoja.

"Nina miaka ishirini na miwili katika fani," alisema Mjomba. "Mlevi haikumbatii nguzo namna ile. Mlevi anaanguka kwa raha zake, kwa hiyo haumii. Yule anaogopa." Akasimama. "Na mimi kichupa changu kila nikimpa kinarudi kimepungua kifuniko kimoja. Nilidhani ni heshima. Leteni kamba."

Hakuna aliyecheka tena. Msimamizi alitazama juu, akatazama chini, akasema, "Leteni kamba."

"Leo umegusa?" Mama Kidoti alimuuliza Mjomba.

"Bado, shemeji. Hata saa saba haijafika, mimi mtu na ratiba zangu."

"Mwendee upande wake wa kulia. Wa kushoto hasikii. Usimshike ghafla. Asigeuze kichwa, hata ukimwita. Akitapika mwache atapike. Msubiri mpaka vidole vyake vilegee vyenyewe, ndipo umfunge."

Mjomba alipanda. Walimwona akilala juu ya ubao kando ya Timazi, kichwa kwa kichwa, mdomo sikioni, kama watu wawili wanaosengenya. Alikaa hivyo dakika arobaini. Mama Kidoti alizihesabu kwenye simu. Moyo wake ulikuwa unakwenda kama kawaida, na jambo hilo lilimtisha kidogo, kama mtu anayebana kidole chake na kukuta kina ganzi.

Walimshusha kwa kamba mbili, hatua kwa hatua. Wakamkalisha juu ya tofali, uso una rangi ya majivu, kola inanuka, maana alikuwa amewahi kujipaka hukohuko juu. Mama Kidoti alimpa maji. Mafundi walisimama duara, mbali kidogo.

Msimamizi alichuchumaa mbele yake. Hakuwa mtu mbaya. Alisogea upande wa kulia, kama alivyosikia ikisemwa, akasema polepole, kila neno peke yake.

"Timazi. Nakuuliza mbele ya watu hawa. Mkeo kasema lake, mimi nakusikiliza wewe. Ukiniambia umekunywa, kaa kivulini, nakukata nusu siku, kesho urudi kwenye ukuta wako. Umenielewa? Umekunywa?"

Mashine ya zege ilikuwa imezimwa. Mjomba alimkazia macho Timazi, akatingisha kichwa kidogo, kuashiria ndiyo: sema ndiyo, mpumbavu wewe, umepewa mlango.

Timazi alimtazama mkewe. Mama Kidoti hakumsaidia. Alikuwa ameshasema, na la pili halikuwa lake.

"Sinywi," alisema Timazi. "Sijawahi kunywa hata siku moja."

Msimamizi aliinuka, magoti yakalia. "Basi kusanya vyombo vyako, fundi," alisema. "Kazi ya chini sina." Akairudisha kalamu sikioni.

Njiani walikwenda taratibu. Mama Kidoti alibeba mfuko wa vyombo, akatembea upande wa kulia.

"Mlango alikupa," alisema.

"Nilikuwa nawasikia wanacheka," alisema Timazi. "Kule juu. Sikio la kulia ni zima. Nilitaka kuwaita, nikakumbuka mimi ni mlevi."

Kibakuli cha chakula walikisahau juu ya tofali.

*

Jumapili mchana Mjomba alikuja amevaa shati lililopigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi. Alikuwa na kibakuli, kimeoshwa, na mfuko wa karatasi. Ndani ya mfuko mlikuwa na chupa kubwa ya pombe kali, haijafunguliwa.

"Wenzako wamechanga," alimwambia Timazi. "Pole yao."

"Mjomba, hanywi," alisema Mama Kidoti.

"Najua, shemeji. Nimewaambia. Wakasema mtu anayeondoka hapewi mikono mitupu, na kingine hawakukijua." Aliitazama chupa mezani, akaitazama tena, akaaga haraka.

Chupa ilikaa rafuni kando ya vidonge siku tatu. Hakuna aliyeisogeza.

Timazi alipata sakafu ya kusawazisha, chumba kimoja cha jirani yuleyule wa mlangoni. Ncha ya pili ya mpira aliishika Kidoti baada ya shule. Hawakuitana. Maji yakipanda Kidoti aliinua mkono, yakishuka aliushusha, yakisimama alikunja ngumi. Jirani aliwatazama akasema wanafanana na mabubu sokoni. Kidoti alimjibu, "Ndiyo, shikamoo," akaendelea kuinua mkono.

Jumatano jioni Mama Kidoti alilichukua shati la shule la binti yake, akakuta wino kwenye mkono, doa la upana wa sarafu. Wino wa kalamu hautoki kwa sabuni, unatandaa tu. Akaenda rafuni, akashusha chupa, akaivunja kifuniko, akalowesha kitambaa, akaanza kugonga doa, kutoka nje kuja katikati. Harufu ilijaa chumba chote, ikatoka uani.

Mama mkwe alisimama mlangoni, pua juu. "Ameanza?"

"Ni wino, mama."

Bibi kizee alitazama chupa, akamtazama mwanawe aliyelala kitandani na sikio lake zima, la kulia, limegandamizwa kwenye mto, asisikie chochote, akarudi chumbani kwake.

Kidoti alikuwa mezani na madaftari. "Siku ya wazazi ni Ijumaa," alisema bila kuinua kichwa.

"Naijua."

"Baba akija, mimi nikae upande gani?"

"Kulia kwake."

Kidoti aliliandika hilo pembeni mwa daftari, kama zoezi. Wino ulikuwa umetoka. Mama Kidoti alilinusa shati: mkono ulinuka pombe, pengine pote palinuka mtoto. Akalitia kwenye maji mapya, akalifua mara ya pili, kisha mara ya tatu, mpaka halikuwa na harufu ya kitu chochote.